Mbao Nne za Mvietnam

Siku ya kwanza alipoingia kwenye karakana yangu pale Iringa nilimwelekeza njia kabla hajaniuliza. Nilimwambia kambi ya reli haiko huku, apande basi la Makambako, akifika aulize. Miaka ile reli ya kwenda Zambia ilikuwa inajengwa, na Wachina walikuwa wengi njia nzima ya kusini. Mtu yeyote mwenye nywele nyeusi zilizonyooka na macho yale, kwetu alikuwa Mchina wa reli. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha akasema polepole, kama mtu anayekanyaga mawe kuvuka mto, "Mimi si Mchina. Mimi nataka mbao."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Karakana yangu ilikuwa kibanda cha mabati, si mbali na stendi, nikitengeneza milango, madawati ya shule na majeneza. Yeye alikuwa amenizidi miaka mitatu au minne. Alikuwa mfupi na mwembamba, na uso wake haukuonyesha haraka. Alitaka mbao za mninga zilizokauka kabisa, zisizopinda hata kwa unene wa ukucha, na uso wake uwe laini kiasi kwamba akipitisha kiganja asisikie kitu. Nikamwuliza anatengeneza nini, meza? Akasema picha. Nikadhani hajui neno, nikamwonyesha picha ya kalenda ukutani. Akaitikia kwa kichwa akasema ndiyo, picha, lakini ya kwao haichorwi juu ya karatasi.

Ilichukua miezi kumwelewa. Alikuwa Mvietnam. Alizaliwa Hanoi, kaskazini. Nchi yao ilipogawanywa alikuwa msichana wa shule. Mama yake akamchukua yeye na mdogo wake wa kiume wakaenda kusini, Saigon. Baba akabaki kaskazini akisema atawafuata. Hakuwafuata. Saigon alisomea kazi ya mikono ya kwao, akaja kupelekwa Paris kuonyesha picha zake, huko akaolewa na Mfaransa, na yule Mfaransa akaajiriwa kupima maji ya mito inayoshuka kwenye mbuga za Usangu. Ndivyo alivyofika Iringa. Pasipoti yake iliandikwa Mfaransa, lugha aliyoota kwayo ndoto ilikuwa ya kwao, na watoto wa mtaani walimwimbia Mchina, Mchina. Mwanzoni aliwajibu. Baadaye aliacha.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ubao unafunikwa kitambaa, unapakwa tope laini lililochanganywa na utomvu wa mti unaoota kwao, unaachwa ukauke, unasuguliwa kwa maji, unapakwa tena. Mara kumi, mara kumi na tano. Ndipo anachora, na anachochora anakifunika tena kwa utomvu mweusi mpaka kisionekane kabisa. Halafu anaanza kusugua. Picha inatoka chini, kidogo kidogo, kama kitu kinachopanda kutoka kwenye maji ya kisima. Ukisugua kidogo mno, huoni kitu. Ukizidisha, umeifuta, na haiwezi kurudi. Mimi fundi wa mbao nilipoona ubao wa kwanza ukitoa rangi nilikaa chini. Nilikuwa nimepiga randa tangu utotoni, nikidhani najua msasa ni nini.

Shida ilikuwa utomvu. Makopo aliyokuja nayo yaliisha mwaka wa kwanza, na vita vya kwao vilikuwa bado vinaendelea. Hakuna wa kumletea mengine. Alijaribu vanishi za dukani, zikapasuka. Akajaribu gundi za miti ya kwetu, nikimletea kutoka Kalenga na kila nilikopita, zikabaki kunata kama asali. Mwisho dereva mmoja wa lori alituletea kutoka pwani gunia la maganda ya korosho. Alikuwa amesikia, au amesoma mahali, kwamba mkorosho na ule mti wa kwao ni ndugu.

Tuliyachemsha maganda yale nyuma ya karakana ndani ya debe. Moshi wake ulitutoa machozi na majirani wakafunga madirisha. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, mazito. Yeye alifurahi, akachovya kidole kabla sijamzuia. Kesho yake mkono wake ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, ngozi inachubuka kama viazi vilivyochemshwa, na mimi uso wangu ulivimba hata mke wangu akacheka kwa hofu. Hospitali walimpaka dawa wakamwambia asiguse tena. Baada ya wiki mbili alirudi na vitambaa mikononi, tukachemsha tena.

Ubao wa kwanza haukukauka. Wa pili haukukauka. Aliniambia utomvu wa aina hii haukaushwi na jua, unataka hewa yenye unyevu, nami sikuamini mpaka nilipomtengenezea sanduku kubwa lenye matambara mabichi ndani. Ulikauka upande mmoja tu. Upepo wa Iringa wa mwezi wa saba ni mkavu na wa baridi, unapita hata kwenye tundu la msumari. Nilihesabu mbao kumi na moja tulizotupa. Kila moja ilikuwa na kazi ya wiki sita. Alikuwa halii, alikuwa anaiegemeza ukutani, anaitazama, anasema, "Haya, Fundi. Nyingine."

Mwaka huo huo, sabini na nne, watu wa upande wa Idodi walihamishwa kwenda kwenye vijiji vipya. Mama yangu alikuwa huko, peke yake, kwenye nyumba aliyojenga baba. Niliposikia nilipanda gari, nikafika nikakuta nyumba haina paa na kuku wawili wanatembea ndani. Nilimtafuta siku tisa, kijiji hadi kijiji. Nilimkuta chini ya kibanda cha nyasi, ameketi juu ya sanduku lake, amekonda, ananiuliza kwa nini nimechelewa kama vile tulikuwa na ahadi. Nilitaka kumchukua mjini akakataa. Alisema mahindi yake ya mbegu yako pale.

Niliporudi, yule Mvietnam aliniuliza habari zote. Nyumba ilikuwaje, mama anakula nini, amesema nini. Nikamweleza. Akawa anachambua brashi zake. Kisha akasema, "Wewe mama yako yuko umbali wa basi. Siku tisa tu." Hakusema kwa wivu. Alikuwa kama anapima kamba. Mama yake mwenyewe alikuwa hajamwona miaka minane, na barua zilikuwa zinakuja mara moja kwa msimu, zimefunguliwa na kufungwa tena.

Mwisho wa mwaka mumewe akahamishiwa Mbeya ili awe karibu na mito anayoipima. Wakapata nyumba Uyole, upande wa barabara kuu, ambako malori hupumzika kabla ya kupanda. Baada ya mwezi alinitumia ujumbe kwa kondakta wa basi: huku kuna ukungu, ubao umekauka. Maneno hayo tu. Nilifunga karakana. Madawati yalikuwa yamepungua na mke wangu ana dada yake Igawilo, jirani na Uyole, kwa hiyo tukahamia kwa shemeji na mimi nikawa nafanya kazi kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Mvietnam, asubuhi mpaka jioni.

Ni kweli, Uyole kulikausha. Kule mvua na ukungu wa mlimani unaingia hadi ndani ya godoro, na yale mafuta ya korosho, akiyachanganya kwa namna aliyoijua yeye, yalikaza yakang'aa kama macho ya ng'ombe. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiimba. Aliniagiza mbao nne kubwa, kila moja ya urefu wa mlango, zisimame pamoja ziwe picha moja. Alisema ni uani kwa mama yake, Saigon, anavyopakumbuka. Nilichagua mninga nikiugonga gogo kwa gogo. Nilipomaliza kuzipiga randa ilikuwa Aprili, mwaka wa sabini na tano.

Alikuwa na redio ndogo aliyoisikiliza kwa Kifaransa. Wiki zile hakuizima. Mumewe alikuwa mbugani. Asubuhi moja alitoka nje, akasimama mlangoni pa kibanda bila viatu, kwenye matope. Nikazima moto wa gundi. Aliniambia wale wa kaskazini wameingia Saigon, vita imekwisha. Nilimwuliza kama mama yake na mdogo wake wako salama. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu.

Sasa hapa nataka nieleze vizuri, maana watu wa siku hizi hawajui. Sisi tulikuwa upande wa Vietnam. Shuleni, kwenye mikutano, redioni, tulifundishwa kwamba watu wadogo wa nchi ndogo wanapigana na beberu mkubwa, na tuliwapenda kwelikweli. Habari zilipofika, katibu wa chama wa pale mtaani hakukawia. Alikuja siku ya tatu na wazee wawili na akina mama kama kumi, wameleta kuku jike, kikapu cha viazi na khanga mpya. Katibu alikuwa mtu mwema; alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Alimwita dada. Alimwambia hongera, mmeshinda, na ushindi wenu ni wetu.

Yule mama alimpokea kuku kwa mikono miwili. Alisema asanteni. Akakaribishwa mkutanoni Jumamosi, akaja, akaketishwa mbele kwenye kiti chenye mto, nami nikakaa nyuma nikiuona mgongo wake tu. Akina mama waliimba. Akaombwa aseme machache. Alisimama akasema, "Vita imekwisha. Mimi nafurahi vita imekwisha. Mama yangu yuko huko. Sijui." Watu walipiga makofi muda mrefu. Nadhani walisikia kwamba anamkumbuka mama yake, na ni kweli.

Tuliporudi kibandani hakugusa kazi. Alimfungua kuku kamba ya miguu akamwachia uani. Aliniambia, "Fundi, upande wa baba umeshinda, upande wa mama umeshindwa. Nishangilie na mkono upi?" Nilichukua ufagio nikafagia maranda.

Mdogo wake alikuwa askari wa kusini. Hilo hakumwambia mtu pale Uyole ila mimi na mke wangu.

Alianza kuandika barua. Aliandika Saigon, aliandika kwa jamaa Paris, aliandika kwa watawa waliomsomesha. Kila Ijumaa alikwenda posta Mbeya mjini na kurudi mikono mitupu. Mbao nne zilisimama kibandani zimepakwa tope la kwanza, basi. Mwezi wa tano, wa sita. Alikonda. Mke wangu alikuwa anampelekea uji akiukuta jioni umeshika utando, haujaguswa. Mumewe alipokuja alizungumza naye kwa sauti ya chini, kisha akarudi kwenye mito yake. Sikumlaumu, alikuwa mtu ambaye alijua kupima maji tu.

Mwezi wa saba ililetwa habari kwamba mama yangu amefariki. Alikuwa ameugua siku nne, kifua. Ilinifikia kwa mdomo wa kondakta, na nikajua kwamba tukingoja basi la kesho hatutamkuta juu ya ardhi. Yule Mvietnam aliuliza ni wapi. Akaingia ndani, akatoka na funguo za Landrova ya mumewe na kipande cha shuka nyeupe.

Aliendesha yeye. Mke wangu alikaa katikati, mimi dirishani. Tulipita Makambako, tukafika Iringa, tukaiacha lami tukaingia vumbi la Idodi. Tulipokaribia kijijini alisimamisha gari, akachana ile shuka, akajifunga kipande kichwani kama kitambaa. Kwao, alisema, mfiwa huvaa nyeupe.

Mama alikuwa ameshaoshwa. Yule Mvietnam alivua viatu mlangoni, akaingia kwa akina mama, akaketi juu ya mkeka mguu mmoja chini ya mwingine, na hakutoka tena mpaka tulipokwenda kaburini. Watu walimwuliza mke wangu huyu Mchina ni nani na ametokea wapi. Mke wangu akajibu ni dada yetu. Wakati udongo unaingia, mimi nilikuwa nimesimama kama gogo. Machozi yalikuwa hayaji. Nilisikia mtu analia, kilio kirefu chenye maneno ndani yake, maneno ya lugha isiyojulikana pale. Alikuwa amepiga magoti pembeni mwa kaburi, shuka imemteleza shingoni, anayasema maneno yale yale tena na tena. Wanawake wawili wakataka kumwinua. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, akawazuia. Akasema, "Huyu analia wa kwake. Mwacheni alie."

Tulilala matanga siku mbili. Alipika na wenzake, alichota maji, alikula ugali kwa mkono. Siku ya tatu tukarudi.

Tulipokuwa tunatoka Makambako, mke wangu amesinzia, yule Mvietnam aliniambia, "Nimeshamzika." Nikamwuliza nani. Akasema mama yake. Amemzika pale, pamoja na wangu. Nikamwambia lakini hujapata habari, hujui. Akasema anajua. Barua zote zile, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Nyumba yao ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, na ule uwanja ulipigwa mizinga, redio ilisema. Alisema amechoka kumshikilia mama yake katikati, si mzima si maiti. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko miezi yote mitatu. Nilimtazama, nikaona mtu aliyetua mzigo. Ningeweza kumkatalia. Ningeweza kusema, mama, subiri mwaka mmoja, andika tena. Nilikuwa nimetoka kuzika, nilikuwa nimechoka, na utulivu wake ulinipumzisha na mimi. Nikasema pole.

Hakuandika barua tena Saigon. Akarudi kwenye mbao.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi vile. Alianza kabla ya chai na kuacha mwanga ulipokwisha. Miezi kumi. Mbao tatu zilionyesha uani: mitungi mikubwa ya maji, minazi myembamba, ukuta wenye ukoga, mlango ulio wazi na giza ndani yake. Ubao wa tatu kutoka kushoto ulikuwa wa mama yake, ameinama juu ya beseni ananawa nywele, amevaa nyeupe yote. Ile nyeupe haikuwa rangi. Ilikuwa maganda ya mayai ya bata. Kwao hakuna rangi nyeupe inayostahimili ule utomvu, kwa hiyo hupanga vipande vya maganda, kimoja kimoja, kwa kibano, vidogo kama punje za mtama. Mke wangu alizunguka Igawilo nzima akiomba maganda. Wengine walimnyima, walisema maganda ya mayai hayaombwi kwa wema. Wengine walimpa wakacheka. Gauni lile lilimaliza mayai ambayo hata sikuthubutu kuyahesabu, na lilipotoka chini ya utomvu mweusi baada ya kusuguliwa, lilikuwa na nyufa ndogo ndogo nyingi kama ngozi ya mtu mzee, na liling'aa.

Ila uso. Uso ulimshinda. Alipotoka kwao alikuwa na picha moja ya kamera, ikaibwa pamoja na sanduku lake bandarini, miaka mingi nyuma. Alisema anaiona mikono ya mama yake, kila kidole, anaona shingo, anaona namna anavyokunja gauni asililoweshe; uso hauji. Alichora uso wa kwanza, akaufunika, akausugua, ukatoka. Aliutazama siku mbili akausugua mpaka ukaisha. Uso wa pili vilevile. Wa tatu ulipotoka niliona mwenyewe kabla hajasema: ulikuwa uso wa mama mdogo wangu wa Idodi, kasoro ngozi tu. Alicheka, kicheko kibaya, akanipa jiwe la kusugulia akasema nimfutie mimi. Nilikataa. Akafuta mwenyewe.

Wakati ule wote alikuwa kijana bado lakini mikono yake ilikuwa ya bibi kizee. Mafuta ya korosho yaliipasua, ikapona, ikapasuka. Mwishoni picha inang'arishwa kwa kiganja kitupu na unga laini, hakuna kitambaa kinachofaa. Alizing'arisha zote nne kwa viganja vile. Mahali pa uso aliacha weusi mtupu, weusi wa kina, ukisogea karibu unajiona mwenyewe ndani yake. Katibu wa chama alipokuja kuitazama alisogea, akajiona, akavua kofia.

Mwisho wa mwaka wa sabini na sita kazi ya mumewe iliisha. Nilizifungia mbao kwenye makasha, nikajaza maranda katikati. Waliondoka asubuhi, mvua inanyesha. Alimwachia mke wangu redio, nami akaniachia brashi mbili za nywele ambazo sina kazi nazo. Hatukukumbatiana, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo.

Baada ya mwaka alituma kipande cha gazeti. Nilikuwa nimerudi Iringa kwenye karakana. Padri mmoja aliyejua Kifaransa alinisomea. Zile mbao nne zilikuwa zimewekwa kwenye jumba kubwa la maonyesho Paris, na zimepewa tuzo. Gazeti lilisema watu walipanga foleni, na wengine walitoka wanalia, na jumba la makumbusho lilikuwa limeomba kuzihifadhi. Lilimwita msanii Mfaransa mwenye asili ya Asia. Mke wangu aliuliza kama wameandika habari za mayai ya bata. Padri alitafuta, akasema hapana. Chini alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kiswahili, kwamba Wavietnam wawili walioikimbia nchi walisimama mbele ya ule weusi na kila mmoja akasema huyo ni mama yake. Nilifurahi. Kwa karibu miaka miwili nilijivunia jambo hilo mbele ya wateja.

Barua ya mwisho ndefu ilifika mwaka wa sabini na tisa. Aliandika kwa Kifaransa, nikaenda tena kwa padri. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kisha akaendelea kimoyomoyo, kisha akaanza upya.

Mdogo wake alikuwa hai. Alikuwa amefungwa na walioshinda, kambini, miaka miwili, akatoka, akapanda mashua na watu wengine, wakachukuliwa na bahari hadi Malaysia, na kutoka kwenye kambi ya wakimbizi huko akampata dada yake. Alimweleza habari za mama. Mama hakufa vita ilipoingia mjini. Nyumba iliguswa upande mmoja tu. Aliishi miaka miwili zaidi. Posta ilipofunguliwa tena alikuwa akienda, kila wiki, kwa miguu, kuuliza kama kuna barua kutoka Afrika. Barua za mwanzo zilikuwa zimepotea kwenye vurugu. Jirani zake walianza kupokea barua za watoto wao kutoka nje. Yeye aliwaambia binti yake ni mtu wa kazi, ana shughuli nyingi, ataandika. Alikufa mwaka wa sabini na saba, kwa kifua.

Padri alikunja barua akanirudishia. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeishika mkononi. Nikamweleza mke wangu, alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua kitambo, akasema, "Kwa hiyo tulipokuwa tunatafuta maganda, mama yake alikuwa anaenda posta." Nikasema ndiyo. Hatukula siku ile.

Kwenye barua hakunilaumu. Aliandika kwamba sasa anatakiwa amlilie mama yake upya, kwa kweli, na kila akijaribu anaona kaburi la Idodi na machozi hayaji, kwa sababu yalikwisha kule. Aliandika kwamba tangu barua ya mdogo wake hajashika brashi, na kwamba haruhusu tena mtu kumsifu kwa zile mbao. Amewaomba wenye jumba waziondoe ukutani. Wamekataa, ni mali yao.

Nilikaa miezi minne kabla ya kujibu. Nilianza mara nyingi. Niliandika habari za mvua, za karakana, za shemeji wa Igawilo, nikachana. Mwisho niliandika maneno machache: kwamba siku ile njiani kutoka Makambako nilipaswa kumkatalia, nami nilinyamaza kwa kuwa nilitaka kupumzika. Kwamba nilikuwa nimemtafuta wangu siku tisa, na wake sikumruhusu atafutwe zaidi. Padri alitafsiri bila kuniangalia.

Alijibu kwa kadi, kwa Kiswahili chake. "Fundi, wewe ulinyamaza mara moja. Mimi nilinyamaza miaka miwili." Hakutia salamu wala sahihi. Nilimwandikia tena mara mbili, na mke wangu mara moja, kumwuliza kama mdogo wake amefika Ufaransa na wanaishi pamoja. Hatukupata jibu, na anwani ile sasa sijui ni ya nani.